Sauti za vyombo za bure zenye leseni halali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali yanayorudi kila mtu mpya anapoanza kutengeneza muziki kwenye kompyuta. Ya msingi yako juu, yenye utata yako chini, na kama jibu limeshatolewa sehemu nyingine utaona namba ya swali, nenda huko usome. Huu sio ushauri wa mwanasheria, leseni iliyokuja na sauti yenyewe ndo yenye neno la mwisho.

## Msingi

1. Hizi sauti za vyombo ni kitu gani hasa?

Mara nyingi ni rekodi. Mtu kakaa kwenye piano, kapiga noti moja, kaiacha mpaka ikazimika yenyewe, kahamia noti nyingine, alafu karudia zoezi zima kwa kupiga taratibu, kwa nguvu kidogo, kwa nguvu zaidi. Kila rekodi tunaiita sampuli. Programu inayoitwa sampla ndo inazipanga, ukibonyeza noti fulani kwa nguvu fulani inajua icheze rekodi ipi, na kama noti hiyo haikurekodiwa inachukua ya jirani na kuivuta juu au chini kidogo.

Ukitaka kujua kazi iliyopo hapo angalia Salamander Grand Piano ya Alexander Holm. Ni piano ya Yamaha C5 iliyorekodiwa kila baada ya nusu toni tatu kuanzia noti ya chini kabisa, yaani noti 30 kati ya zile 88, na kila noti ina tabaka 16 za nguvu ya kupiga. Hapo tu ni rekodi 480. Sasa piga hesabu, stereo ya biti 24 kwa 48,000 Hz inakula baiti 288,000 kila sekunde, kwa hiyo rekodi 480 za sekunde kumi kumi zinavuka gigabaiti 1.3. Mtu kafanya yote hayo alafu kawaachia watu bure, ndo maana mimi naona kumtaja (swali la 7) ni heshima yake hata pale leseni isipokulazimisha.

2. Wameandika "bure", si inatosha?

Haitoshi. Kutolipia ni jambo moja, kuruhusiwa ni jambo lingine. Rekodi ina mwenyewe tangu siku inarekodiwa, na kama hajaandika ruhusa yoyote basi haki zote bado ziko kwake, hata kama faili liko wazi kila mtu analipakua.

Kila ukikutana na pakiti ya sauti jiulize mambo mawili: naruhusiwa kuitumia ndani ya muziki wangu na kuuza huo muziki? Na naruhusiwa kuzigawa sauti zenyewe zikiwa peke yake? Majibu mara nyingi hayafanani. Okestra ya Philharmonia ya London kwa mfano imetoa maelfu ya sampuli zilizopigwa na wanamuziki wake, unaruhusiwa kuziweka kwenye muziki wowote hata wa biashara, ila huruhusiwi kuuza wala kugawa sampuli zenyewe zilivyo, iwe kama sampuli au kama chombo cha sampla. Mtu akisoma nusu ya kwanza tu anaishia pabaya kwenye ile ya pili.

3. Naona sf2, sfz, dspreset, wav, nichukue ipi?

Sf2 ni saundfonti, faili moja lenye kila kitu ndani yake, rekodi na maelekezo. Ilitoka kwa E-mu na Creative enzi za kadi ya sauti ya Sound Blaster AWE32, na mpaka leo inafunguka karibu kila mahali. Sf3 ni hiyohiyo iliyobanwa ili iwe ndogo.

Sfz ni faili la maandishi tu, linakaa kwenye folda pembeni ya rekodi zake. Unaweza kulifungua na programu yoyote ya maandishi ukasoma kitu kama `sample=A3.wav lokey=56 hikey=58 pitch_keycenter=57`, maana yake rekodi ya A3 icheze kuanzia noti ya 56 mpaka 58 na ile ya 57 ndo noti yake ya asili. Ukikuta noti moja imekaa vibaya unairekebisha mwenyewe kwa kubadili namba. Mimi nikipewa nichague nachukua sfz, kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu faili la leseni linabaki kwenye folda hiyohiyo ambapo unaliona.

Dspreset ni ya sampla inayoitwa Decent Sampler. Wav ni rekodi tupu bila mpangilio, utazipanga mwenyewe. Na kuna nki, hiyo ni ya sampla inayoitwa Kontakt, kuwa makini nayo, Kontakt Player ya bure ikifungua maktaba ambayo haikuandaliwa kwa ajili yake inacheza dakika 15 tu kisha inanyamaza, watu wengi wanadhani kompyuta imeharibika.

4. Nafungulia na programu gani?

Kwa sfz kuna sforzando ya Plogue, ni ya bure, na sf2 inafungua pia. Ukitaka ya chanzo wazi, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, kuna sfizz. Kwa sf2 kuna FluidSynth, ambayo iko ndani ya programu nyingi bila wewe kujua, na Polyphone kama unataka kuichambua saundfonti na kuihariri. Decent Sampler nayo ni ya bure, inakaa Windows, Mac na Linux. Zote zinaingia kwenye DAW yako (programu unayotengenezea muziki) au zinafanya kazi kivyake. Leseni ya programu na leseni ya sauti ni vitu viwili tofauti kabisa, sampla kuwa ya chanzo wazi hakukupi ruhusa yoyote kwenye sauti utakazofungua ndani yake.

## Leseni

5. CC0, CC BY, NC, SA, ND ndo nini?

Hizi ni leseni za Creative Commons. Zinasomeka kwa vipande.

CC0, iliyotoka mwaka 2009, mwenye kazi ameachia haki zake zote kadiri sheria inavyomruhusu. Tumia, uza, badilisha, gawa, hudaiwi hata kumtaja. Kwa sampuli hii ndo leseni tamu kuliko zote, kwa sababu muziki unapita mikono mingi, anaweza kuutaka mtu wa filamu, wa gemu, wa tangazo, na hakuna atakayekuuliza swali usiloweza kujibu.

CC BY, unafanya chochote ila umtaje. Ukiona NC imeongezwa, hakuna biashara (swali la 8). SA maana yake ukitengeneza kazi kutokana na hiyo na kuitoa, nayo uitoe kwa leseni hiyohiyo, na hapa watu wanajikwaa kwa sababu sampuli moja ya SA inaweza kukulazimisha wimbo mzima uutoe kwa masharti hayo wakati wewe ulipanga kuuuza kwa masharti yako. ND maana yake usisambaze kilichobadilishwa, sasa sampuli ukishaiingiza kwenye muziki umeshaibadilisha, kwa hiyo ND kwenye sampuli ni kama haikusaidii kitu, ipite.

Utakutana pia na Sampling Plus, ya zamani, Creative Commons wenyewe waliistaafisha mwaka 2011 lakini sauti zilizotolewa kwayo bado zipo. Inaruhusu kuchukua vipande na kuvitumia kwenye kazi yako hata ya biashara ila inakataza kutumika kwenye matangazo. Sonatina Symphonic Orchestra ya Mattias Westlund ilitolewa kwa leseni hiyo, kwa hiyo kama mteja wako ni wa matangazo angalia hapo kabla hujaanza kazi.

6. Na "bila mrabaha" je?

Maana yake hulipi kila mara muziki wako unapochezwa au kuuzwa. Basi. Haimaanishi kwamba hakimiliki imeachiwa, wala kwamba unaruhusiwa kugawa sauti. Mfano ni lupu (vipande vifupi vya muziki vinavyojirudia) zinazokuja na GarageBand, programu ya muziki ya Apple, unaruhusiwa kuziweka kwenye utunzi wako na kuuza, ila huruhusiwi kuzitoa moja moja zikiwa peke yake. Leseni nyingi za kampuni zimeandikwa kwa mtindo huo, na kwa mtu anayetaka kutoa nyimbo tu zinatosha kabisa.

7. Namtajaje mwenye sauti?

Mambo manne: jina la kazi, jina la aliyetengeneza, ilikotoka, na leseni. Kama ulichukua Salamander ya zamani iliyokuwa chini ya CC BY unaandika hivi: "Piano: Salamander Grand Piano, Alexander Holm, CC BY 3.0", na unaweka kiungo. Ukiwa umebadilisha kitu sema umebadilisha. Mahali pa kuandika ni popote msikilizaji anaweza kupaona kirahisi, maelezo chini ya video, ukurasa wa albamu, skrini ya majina kwenye gemu.

Wimbo wenye sauti kumi za watu kumi? Andika zote kumi. Fungua faili la maandishi ndani ya folda ya wimbo siku unayoanza, kila ukiingiza sauti andika mstari wake palepale. Ukisubiri wimbo uishe hutakumbuka ile filimbi ya dakika ya pili ilitoka wapi.

8. Sauti ni ya NC na mimi siuzi, ila video yangu ina matangazo. Ni biashara hiyo?

Leseni inaangalia kama matumizi yamelenga hasa faida ya kibiashara au malipo ya fedha. Video inayokuingizia hela za matangazo iko upande hatari wa huo mstari, na usingoje mpaka mtu akuulize. Ushauri wangu ni kwamba usiiweke kabisa NC kwenye maktaba yako ya kazi. Leo wimbo ni wa kujifurahisha, kesho mtu anataka kuulipia, na kutoa chombo kimoja kwenye wimbo uliokwisha ni maumivu. Au muandikie mwenye sauti umuombe ruhusa, kuna wengi waliweka NC kwa mazoea tu, wakiulizwa vizuri wanaruhusu.

9. Mwenye sauti akibadilisha leseni baadaye?

Leseni za Creative Commons haziondolewi kwa aliyeshazipata, ukiwa umefuata masharti unaendelea nazo hata kama yeye kaacha kuitoa kwa leseni hiyo. Inatokea pia kwa upande mzuri, Salamander ilianza na CC BY na mwaka 2022 mwenyewe akaiachia kuwa mali ya umma. Leseni za kampuni zinaweza kuwa na masharti tofauti, soma. Vyovyote itakavyokuwa hifadhi faili la leseni pamoja na sauti na tarehe uliyopakua, na kama leseni iko kwenye ukurasa tu, uhifadhi huo ukurasa kama faili.

## Wapi pa kuzipata

10. Piano nzuri?

Salamander, tayari imeelezwa kwenye swali la 1 na la 9. Anza nayo. Kama kompyuta haina nguvu tafuta toleo lililobanwa, lipo.

11. Okestra?

Nenda kwanza VSCO 2 Community Edition ya Versilian Studios, ni CC0, ina vyombo vya nyuzi, vya kupuliza, vya shaba kama tarumbeta, na vya kupiga. Watu haohao wana mkusanyiko mwingine unaitwa VCSL, nao ni CC0, umejaa vyombo usivyovikuta kirahisi kwingine. Sauti zake ni mbichi, hazijapakwa rangi, usitegemee kubonyeza noti moja ukasikia sinema, utafanya kazi ya kupanga nguvu na mwangwi mwenyewe, na ukiifanya inalipa.

Virtual Playing Orchestra ya Paul Battersby imekusanya sauti kutoka maktaba mbalimbali za bure na kuzipanga vizuri kwa sfz. Kwa kuwa vyanzo ni vingi leseni nazo ni nyingi, soma maelezo yake yote kabla, ukikumbuka yale ya swali la 5. Philharmonia iko swali la 2.

12. Nataka faili moja lenye vyombo vyote.

Hiyo ni saundfonti ya General MIDI, mpangilio wa vyombo 128 uliowekwa mwaka 1991. FluidR3 GM ya Frank Wen ina leseni ya MIT, moja ya leseni za chanzo wazi, ni zaidi ya MB 140. GeneralUser GS ya S. Christian Collins ni ndogo, kama MB 30, na kwa ukubwa huo inasikika vizuri mno, leseni yake inaruhusu muziki wa biashara. Ile inayokuja na MuseScore imetokana na FluidR3. Nzuri kwa kuchora wazo haraka, alafu ukishajua wimbo unaelekea wapi badilisha chombo kimoja kimoja kwa sauti bora.

13. Sauti moja moja, ngoma, milio ya ajabu?

Freesound. Iko tangu 2005, inaendeshwa na kikundi cha teknolojia ya muziki cha chuo kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona. Kila sauti ina leseni yake: CC0, CC BY, au CC BY-NC, na chache za zamani zina Sampling Plus. Kwenye kutafuta kuna kichujio cha leseni, kiweke CC0 kabla hujaanza kusikiliza, ukishaipenda sauti ndo ukaja kugundua ni NC utajidanganya kwamba haijalishi.

Chuo kikuu cha Iowa nacho kinatoa sampuli za vyombo tangu 1997, bila masharti yoyote ya matumizi. Nyingi zimerekodiwa kwenye chumba kisicho na mwangwi hata kidogo, kwa hiyo zinasikika kavu sana mwanzoni, usikate tamaa, huo ukavu ndo faida yake kwa sababu unaweka chumba unachotaka wewe. Kuna kazi moja, mafaili mengi yana noti kadhaa zimefuatana ndani ya rekodi moja, utazikata mwenyewe. Jioni moja na programu ya kuhariri sauti inatosha kupata klarineti yako binafsi.

14. Sinthesaiza je, nazo zina leseni?

Sinthesaiza, yaani programu inayounda mlio yenyewe, ina leseni, ila sauti unayoitengeneza kwa kuzungusha vitufe ni yako. Surge XT na Dexed ni sinthesaiza za chanzo wazi, zina leseni ya GPL, na GPL hiyo inahusu programu, haigusi wimbo uliotoka humo. Angalizo ni kwa sauti zilizopangwa tayari zinazouzwa au kugawiwa pembeni, na sinthesaiza zenye rekodi ndani yake, hizo zisome kama sampuli.

## Yenye utata

15. Nimepata saundfonti yenye sauti za kibodi maarufu, au za gemu ya zamani. Nitumie?

Usitumie kwenye kazi unayoitoa. Rekodi zilizo ndani ya chipu ya kibodi au ndani ya gemu ni mali ya waliozitengeneza au waliowapa leseni, na mtu aliyezinyonya akaziweka mtandaoni hana ruhusa ya kukupa, hata akiandika CC0 kwa herufi kubwa. Leseni inatolewa na mwenye haki tu.

Dalili ziko wazi ukiangalia: jina la kibodi kwenye jina la faili, hakuna maelezo ya nani alirekodi, maikrofoni gani, chombo gani, wapi. Aliyerekodi kwa mikono yake huwa anaeleza, kwa sababu ilimgharimu.

16. Bach alikufa 1750, si naweza kukata noti kwenye rekodi yoyote ya muziki wake?

Hapana. Utunzi hauna mwenyewe tena, rekodi inaye. Hizo ni haki mbili zinazotembea tofauti. Marekani kwa mfano rekodi zote zilizotoka kabla ya 1923 ziliingia kwenye mali ya umma tarehe 1 Januari 2022, za baadaye zina zamu zake, na nchi nyingine zina hesabu zake. Pata utunzi, uupige kwa sauti zako za CC0, umemaliza.

17. Nimetumia sauti halali kabisa na bado nimepigwa madai ya hakimiliki YouTube.

Inatokea hasa kwa lupu. Mtu mwingine katumia lupu hiyohiyo ya bure, kaisajili nyimbo yake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua muziki wa watu, mashine inasikia kipande kile kwako inadhani umemuibia. Kanuni za YouTube zenyewe haziruhusu kusajili kitu ambacho huna haki ya peke yako, na lupu za uzalishaji zimetajwa hapo. Pinga dai, eleza sauti imetoka wapi, weka leseni na kiungo, hapo ndo lile faili la swali la 7 linakuokoa. Noti moja moja za chombo karibu hazileti shida hii, lupu ya sekunde nane iliyoachwa kama ilivyo ndo inaleta. Ikate, igeuze, badilisha mdundo. Na wewe pia ukiwa na lupu ya watu wote ndani ya wimbo usiusajili.

18. Naweza kuchanganya sampuli za watu nikatoa pakiti yangu?

Za CC0, ndiyo, hata kuuza. Za CC BY, ndiyo, ukiwataja wote na kueleza ipi ni ya nani. Zaidi ya hapo hesabu inakuwa ngumu: NC na SA ukizichanganya zinagombana, na zile za mtindo wa Philharmonia au GarageBand haziruhusu kabisa. Toa pakiti yako na faili la leseni lenye mstari kwa kila chanzo.

19. Natengeneza gemu, nataka saundfonti iwe ndani ya gemu icheze yenyewe.

Hapa unagawa sauti zenyewe, sio muziki tu, kwa hiyo ni lile swali la pili kwenye namba 2. Leseni inayosema "tumia kwenye muziki wako" haitoshi. CC0 na MIT ziko sawa, kwa MIT uweke maandishi ya leseni yake ndani ya gemu. Kama leseni haikuruhusu, geuza muziki kuwa rekodi ya kawaida na uweke hiyo, sampuli zibaki kwako.

20. Nikirekodi chombo changu mwenyewe?

Rekodi ni yako. Aliyetengeneza gita hana haki juu ya mlio wa gita. Akipiga mtu mwingine kubalianeni kwa maandishi kabla hamjaanza, kwa sababu mpigaji naye ana haki zake. Ukimaliza, weka leseni, usiache bila kitu kama ilivyoelezwa swali la 2, na uandike chombo gani, maikrofoni gani, na nani kapiga.

21. Nina folda za miaka mingi, leseni zote zimepotea.

Anza na nyimbo unazotaka kuzitoa, achana na folda nzima. Kwa kila sauti iliyomo tafuta jina la faili mtandaoni, mara nyingi pakiti inajulikana kwa jinsi ilivyopanga majina. Fungua pia sehemu ya maelezo ndani ya sf2 kwa Polyphone, huwa kuna sehemu ya mwandishi na hakimiliki ambayo watu hawaiangalii. Ikishindikana badilisha chombo hicho kwa kingine cha CC0 kutoka swali la 10 mpaka la 13. MIDI yako (maelekezo ya noti, sio sauti yenyewe) bado ipo, kubadilisha ni dakika chache, alafu ile isiyojulikana ihamishie kwenye folda ya pembeni iandikwe "usitumie".